Lafudhi ya Kiha ikatiwe alama kwenye somo la redio?

Wadau, habari za jioni. Nasomea uandishi wa habari hapa Kigoma, na jambo hili limenikaa rohoni.

Tulipewa kazi ya ripoti ya dakika tatu kuhusu kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Mwenzetu mmoja, binti wa Kasulu ambako lugha ya nyumbani ni Kiha, alishinda mwaloni Kibirizi siku mbili na akina mama wanaoanika dagaa. Aliwauliza miezi mitatu hiyo waliishije na marejesho ya mkopo wa kikundi walilipa na nini. Alirekodi kwa simu yake, maana kinasa sauti kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Mwingine hakutoka chuoni. Alikusanya habari za mtandaoni, akazisoma kwa sauti nzito, tamu. Huyu akapata 78, binti akapata 54. Nusu ya alama zilikuwa za usomaji, na pembeni mwalimu aliandika: "Lafudhi."

Mimi nasema hapana. Aliyetafuta habari ndiye apate alama za habari.

Mwalimu wa studio, Tabora: Pole mdogo wangu, ila redio ni sauti. Msikilizaji hana pa kurudia sentensi iliyompita. Mtangazaji akisema watu wamejitokeza "kupiga kula", habari imeharibika. Na mahojiano yaliyojaa upepo hayaendi hewani, hata yawe na ukweli gani.

Msikilizaji, Ujiji: Mimi sijasomea. Ninachotaka kwa mtangazaji ni ajue bei ya dagaa imepandaje. Kiha chake hakinisumbui, ndicho tunachoongea nyumbani.

Mleta mada: Shikamoo mwalimu. Kwenye kura na kula sina ubishi, mkate alama kabisa, maana neno limegeuka maana. Lakini binti hakukosea neno hata moja, nimeisikiliza ripoti yake mara nne. Kilichokatwa ni mkokoto wa usemi wake tu. Upepo nao, kweli upo. Tungefundishwa mapema kukinga maiki kwa kitambaa na kumsogeza mhojiwa nyuma ya mtumbwi, angefanya hivyo.

Mitaala ya vyuo vyetu chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, inasema inapima umahiri. Kumfanya mama anayekuogopa akueleze deni lake mbele ya simu ni umahiri, tena mgumu kuliko kusoma karatasi. Pendekezo langu: kila mwanafunzi akabidhi mahojiano ghafi na daftari lake la uwandani, visahihishwe kwanza, kabla mwalimu hajasikia ripoti iliyosomwa. Usomaji upimwe siku nyingine, wote wasome taarifa ileile. Asiye na chochote cha uwandani asipate alama ya habari, hata sauti yake iwe asali.

Mwalimu, kwenye studio yenu mahojiano ghafi huwa mnayasikiliza, au mnasahihisha ripoti iliyokamilika tu?