Vichanganyio vya tangi kubwa la mafuta ghafi: pembe moja, vinavyogeuka au jeti?

Shafti_Ndefu: Wakuu, tangi lina paa linaloelea, kipenyo m 80, kina cha mafuta m 18, yaani kama m³ 90,000. Mafuta yana nta na tope hujaa sakafuni. Nichague propela za ubavuni za pembe moja, za ubavuni zinazogeuka, au nozo za jeti (pampu hurusha mafuta kwa kasi ndani ya tangi)?

Propela3: Kwa nta, zinazogeuka, bila kusita. Ya pembe moja hupiga mkondo palepale siku zote, na tope hugandamana mahali usipofika. Inayogeuka nyuzi 30 kila upande hufagia sakafu kwa zamu. Pembe moja inatosha kwa bidhaa safi zisizo na tope.

TopeChini: Naunga mkono, ila usizitawanye kulizunguka tangi. Zipange ndani ya robo moja ya duara ili mikondo isaidiane. Zikitazamana, nguvu inaishia kwenye mgongano.

Tena usilinganishe kilowati peke yake. Tatu za kW 45 zinakupa W 1.5 kwa kila m³, lakini namba hiyo haisemi mafuta yanasukumwa kiasi gani. Propela ikiongezwa kasi maradufu, mtiririko unakuwa mara 2 na nguvu inayoliwa mara 8. Kwa kilowati zilezile, propela pana ya mwendo wa polepole husukuma mafuta mengi zaidi. Mdai muuzaji kipenyo, mizunguko kwa dakika na mtiririko.

Sili_Imara: Jeti haina sili ya shafti (kizuizi cha kuvuja pale shafti inapopenya) ubavuni mwa tangi, na ni nzuri kwa kuvunja tope lililokwisha kuwa gumu. Gharama yake ni pampu kubwa na nishati inayopotea kwenye mabomba na nozo.

Ukichukua propela, weka swichi ya kuzima mota kiwango kikishuka. Propela ikivuta hewa, shafti hutikisika na sili huanza kuvuja. Agiza yenye kifungio cha shafti, ili sili ibadilishwe tangi likiwa limejaa. Hakikisha pia paa likishuka halifikii propela. Na wakati wa jaribio la maji (tangi likijazwa maji kulipima) usiwashe ovyo: maji ni mazito kuliko mafuta yenye msongamano wa 0.86 ukilinganisha na maji, mota hubeba takriban 16% zaidi.

Shafti_Ndefu: Tope likiwa tayari limezunguka propela?

Propela3: Usiwashe kwa nguvu. Pima kwanza kimo cha tope. Likiwa limefunika propela, lipunguze kwa jeti au kwa kuzungusha mafuta ya moto. Kisha anza na pembe moja, uigeuze kidogo kidogo huku ukiangalia ampea za mota.

TopeChini: Na kabla ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya mafuta, zima propela zote mapema yapate kutulia.