Wakuu, mzee anakataa kila kitu. Nimjazie nini kwenye fomu?

BintiRufiji: Habari za asubuhi wakuu. Niko Minnesota, nafanya kazi nyumba ya wazee, upande wa burudani. Nina mzee wa miaka 88, alikuwa mkulima. Bingo hataki, muziki hataki, ibada hataki. Nifanyeje nijue anapenda nini? Usingizi sipati.

Kombe2: Dada, mzee ni wa kukaa naye nyumbani. Bibi yetu Tanga hajawahi kujaziwa fomu. Jioni yuko barazani anachambua mchele na kumsema kila apitaye.

NesiMstaafu: Yale maswali manane ya fomu ya serikali, kwamba vitabu, wanyama, kutoka nje na mengineyo yana umuhimu gani kwake, ulimuuliza mwenyewe?

BintiRufiji: Alipokataa bingo nilimpigia binti yake. Mzee anaongea polepole mno, na mimi nina watu 30. Binti anamjua baba yake, sioni kosa. Fomu nimeshaipeleka.

NesiMstaafu: Kosa lipo, mwanangu. Anaanza mzee. Ndugu ni pale asipoweza kujibu, wafanyakazi mwisho kabisa. Kutoka nje kupunga hewa uliweka ngapi?

BintiRufiji: 4, si muhimu kabisa. Binti alisema baba hatoki.

NesiMstaafu: Hatoki au hatolewi? Kuna 5: ni muhimu, ila siwezi au sina nafasi.

Msemakweli: Chai hii. Serikali gani inamuuliza babu kama anapenda kukaa na wanyama?

Jibaba: Mimi waniulize pilau tu, najaza 1, muhimu sana 😂

BintiRufiji: Si chai kaka. Fomu hii inatumika Marekani tangu Oktoba 2010, kwenye nyumba zinazolipwa na Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali. Wanyama wamo, vitabu, habari, ibada, yote yamo.

Leo nimezima televisheni, nikaketi, nikauliza moja moja. Kwenye wanyama alinyamaza, halafu akanionyesha kidole kilichopinda. Ng'ombe alikikanyaga. Akanitajia majina ya ng'ombe wanne, wa mwisho kwa shida. Kutoka nje? Akasema, "Nani atanisukuma?"

NesiMstaafu: Hiyo ndiyo 5. Mwone nesi wa fomu leo hii, irekebishwe.

Kombe2: Bibi naye alikuwa na mbuzi...

BintiRufiji: Nimeshamwona, mama. Kabatini kwa mzee hamna koti, nimeazima la mwenzangu, linamtosha. Tunatoka saa nane.