Mrejesho: vitabu vya kujifunza opsheni za hisa

Wakuu, niliomba ushauri wa vitabu vya opsheni za hisa za Marekani, yaani mikataba inayompa mnunuzi haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa ndani ya muda maalumu, maana hapa Soko la Hisa la Dar es Salaam tunanunua na kuuza hisa na hatifungani zenyewe, si opsheni. Ahsanteni mno kwa majibu.

Aliyenielekeza kwenye kijitabu cha bure cha Options Clearing Corporation (taasisi inayodhamini mikataba ya opsheni huko Marekani) kuhusu hatari za opsheni, Mungu akubariki. Ni kikavu, ila hapo nimeelewa kuwa mkataba mmoja kwa kawaida ni hisa 100, kwamba mnunuzi hapotezi zaidi ya primiamu (bei ya opsheni) aliyolipa pamoja na ada, na kwamba anayemuuzia mwenzake haki ya kununua hisa asizokuwa nazo hasara yake haina kikomo. Mwalimu wa mtandaoni asiyeanzia hapo simpi hela yangu.

Kisha Natenberg, Option Volatility and Pricing. Hiki ndicho! Kinakuonyesha jinsi unavyoweza kupatia kwamba hisa itapanda na bado ukala hasara: opsheni uliinunua ghali kwa kuwa soko lilitarajia misukosuko, misukosuko haikuja, na kila siku inayopita inamega thamani yake. Nakisoma polepole, penseli mkononi.

Cha Hull, Options, Futures, and Other Derivatives, nimekiweka kando kwa sasa, ni cha chuo kikuu na hesabu zake nzito.

Mazoezi nafanyia akaunti ya majaribio. Mliosoma kile kinene cha McMillan, Options as a Strategic Investment, mlikisoma chote au mlichagua sura?