Gemu ya timu haijatoka, hela imeshatoka: tuendelee kulipia kabla?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kwenye grupu letu limeshaleta maneno makali. Kila inapotangazwa gemu mpya ya timu ya kufyatua risasi, zile ambazo unaiona vita kwa macho ya mpiganaji mwenyewe, watu wanakesha kusubiri trela. Wanachambua bunduki moja moja. Wanagawana na nafasi kabisa: wewe utatibu wenzako, wewe utatangulia, wewe utakaa juu na bunduki ya masafa marefu. Mimi ni mmoja wao. Kusubiri gemu pamoja ni raha, tena pengine ni nusu ya raha yote. Ninachokipinga ni hatua inayofuata, ya kutoa hela miezi mitatu kabla gemu haijatoka.

Sababu yangu ni moja. Ukinunua gemu ya kucheza peke yako, hata wengine wote wakiiacha, kwako itafunguka. Gemu ya watano kwa watano ukiinunua, umenunua watu. Unahitaji wenzako wanne na wapinzani watano, walio macho saa ile uliyo macho wewe, wasio mbali sana na seva yako, yaani kompyuta inayoendesha mechi. Hao hakuna kampuni inayoweza kukuuzia kabla mlango haujafunguliwa, kwa sababu yenyewe haijawapata.

Mfano mkubwa ni Concord. Ilitengenezwa na Firewalk Studios, studio ya Sony, ikatoka tarehe 23 Agosti 2024 kwa dola 40, kwenye PS5 (mashine ya gemu ya Sony, PlayStation 5) na kompyuta. Siku ya kutoka, kwa upande wa Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hawakufika watu 700 waliocheza kwa wakati mmoja. Tarehe 6 Septemba ikazimwa. Wiki mbili! Oktoba studio yenyewe ikafungwa. Na picha zake zilikuwa nzuri, ufyatuaji wake wengi waliusifu. Kilichokosekana ni watu tu.

Watu wakikosekana inakuwaje? Nieleze nilichokiona. Ijumaa moja tulikuwa wanne kwenye chumba cha gemu Magomeni, na gemu nyingine, jina silitaji. Mwenye chumba alikuwa ameilipia mapema, tena toleo la bei ya juu lenye nguo za dhahabu za kumvalisha mpiganaji wako. Skrini ikaandika inatafuta wachezaji. Ile duara ikazunguka, saa ya pembeni inahesabu: dakika nne, saba, kumi na moja. Tulipopata mechi, seva ilikuwa ya mbali kiasi kwamba ukibonyeza kufyatua, adui ameshapita kona. Dogo aliyekuwa na pedi ya pili akavua hedifoni akaziweka juu ya meza taratibu, akauliza kama anaweza kuweka gemu ya mpira. Mwenye chumba hakumjibu. Alikuwa anaziangalia zile nguo za dhahabu. Nilimwonea huruma sana yule kaka, maana hela ile alikuwa ameitoa kwenye kodi ya fremu.

Sisi wa huku ndio wa kwanza kuumia gemu inapopungukiwa watu. Mitambo ya kupanga mechi hutafuta kwanza walio karibu, wakikosekana inapanua duara hadi Ulaya. Mchezaji wa Frankfurt anaweza asione tofauti kwa muda mrefu. Wewe wa Mbeya unaiona wiki ileile.

Halafu kuna suala la kuuziwa kitu ambacho hakijaiva. Battlefield 2042 ilitoka Novemba 2021, uwanja mmoja watu 128, kikosi cha watu wanne, na ndani ya gemu hamkuwa na njia ya kuongea kwa sauti. Gemu ya kikosi! Sauti ilikuja Aprili 2022. Na waliolipia matoleo ya bei ya juu ndio walioingia wiki nzima kabla ya wengine, kwa hiyo ndio waliopokea kasoro zote zikiwa mbichi.

Kwa hiyo naliweka wazi: tuache kabisa kulipia kabla gemu za timu. Tusubiri majaribio ya wazi, yaani zile siku gemu inapofunguliwa bure kwa wote kabla haijatoka, tucheze, ndipo mkono uende mfukoni. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuheshimu, ila hapa nakupinga.

Umesema mwenyewe gemu ya timu ni watu. Sasa wote tukisema tunasubiri tuone kama watu watakuja, nani atakuja? Kila mtu anamsubiri mwenzake mlangoni. Gemu inafunguliwa ukumbi mtupu, kesho inazimwa, halafu tunasema unaona, tulijua. Wanaolipia mapema ndio wanaowasha taa.

Na kuhusu Concord hujamalizia. Sony walirudisha hela za wote walionunua. Kwa hiyo aliyelipia mapema alipoteza nini? Muda wa kupakua.

Overwatch, gemu nyingine ya timu, nayo ilikuwa ya kulipia ilipotoka Mei 2016. Kwenye kompyuta ilianzia dola 40, sawa na hiyo Concord. Watu waliisubiri tangu ilipotangazwa Novemba 2014, wengi waliweka oda mapema, na ikawa gemu kubwa ile tuliyoijua. Hamasa ile ndiyo iliyojaza seva. Ukiua moyo wa kuamini, utabaki na gemu zilezile za zamani miaka kumi ijayo, maana hakuna atakayethubutu kutengeneza mpya. Nyuma ya kila gemu kuna vijana wenye familia wanaotegemea mauzo ya wiki ya kwanza.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, mimi niko Mombasa, naongezea moja tu. Hata hayo majaribio ya bure si bure. Gemu hizi ni makumi ya gigabaiti. Mara ya mwisho nilinunua bando la usiku siku mbili mfululizo, nikaweka kengele ya simu saa kumi alfajiri nisipitilize muda, na ilipomaliza kushuka yalikuwa yamebaki masaa sita majaribio yafungwe. Kwa hiyo mkisema tujaribu kwanza, dai hilo liende pamoja na dai la siku za kutosha. Wikendi moja haitutoshi.

Mleta mada

Dada wa Mombasa, hilo nalichukua lilivyo. Sikuwa nimelifikiria, na una haki kabisa.

Mkuu wa kwanza, nakujibu kwa heshima.

Kwanza hela kurudishwa. Ni kweli Sony walirudisha, na walifanya vizuri. Lakini wangapi kati yetu tunanunua dukani moja kwa moja? Huduma ya mtandao ya PlayStation haijafunguliwa rasmi Tanzania wala Kenya. Tunafungua akaunti za nchi nyingine, tunatafuta mtu wa kutuuzia kadi, tunamtumia hela kwa simu, anakata chake. Hela ikirudi inarudi kwenye akaunti ile ya ugenini, na cha dalali hakirudi. Mnakumbuka Mei 2024 na Helldivers 2, gemu ya vikosi vya wanne: Sony walitaka kila mchezaji wa Steam aunganishe akaunti ya PlayStation, na gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Watu walikuwa wameshanunua na wanacheza tangu Februari. Kelele za wachezaji ndizo zilizowafanya waachane na sharti hilo ndani ya siku chache. Kwa hiyo mtu wa nchi zetu akilipa kabla, anabeba hatari ambayo mwenzake wa Marekani haijui.

Pili, hili la kusubiriana mlangoni. Ni hoja nzito na nimeilalia usiku mmoja. Lakini angalia Overwatch yenyewe uliyoitaja. Kabla ya kutoka waliifungua kwa wote, bure, kwa siku chache za Mei, na wakaingia watu milioni 9.7. Taa ziliwashwa pale. Battlefield nayo, baada ya aibu ya 2042, Agosti 2025 walifungua majaribio ya Battlefield 6 kwa kila mtu, wikendi mbili, bila oda. Kwenye Steam pekee walipita watu 520,000 kwa wakati mmoja. Ilipotoka Oktoba iliuza nakala zaidi ya milioni 7 ndani ya siku tatu. Waliogusa walirudi na hela zao.

Na Concord? Nayo ilifungua majaribio kwa wote, Julai 2024, mwezi mmoja kabla ya kutoka. Watu hawakuja. Yaani jibu lilikuwa mezani tayari, kila mtu analiona. Aliyesubiri alilisoma na kubaki na dola zake 40. Aliyelipa kabla alilisoma vilevile, ila hela yake ilikuwa imeshaondoka.

Kuhusu vijana wanaotengeneza gemu, nawajali kama unavyowajali. Ila wale wa Firewalk hawakuokolewa na oda za mapema. Wangeokolewa na mtu wa juu yao aliyeangalia namba za Julai akasema tusimame, tuifanye ya bure au tuirekebishe, kabla ya Agosti.

Basi tufanye hivi. Kila mwenye gemu anayoisubiri aitaje hapa, aseme kama majaribio ya wazi yametangazwa, ya siku ngapi, na ukubwa wa faili. Sisi wa Magomeni tuna laini ya faiba. Mwenye diski ya nje aje nayo, tutamnakilia mafaili usiku huohuo yakishashuka.