Kusimamisha na kufunga ngazi kwenye kichochoro chembamba

Mkaazi wa Kibokoni: Assalaam aleikum. Nataka kukaza mabati ya nyumba yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, kabla ya mvua za masika. Ukingo wa paa uko mita 6 kutoka chini, kichochoro ni chembamba na kimeinama kuelekea mtaroni, na lipu ya chokaa kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe imeanza kubanduka. Ngazi yangu ni ya aluminiamu, mita 7. Niifunge vipi isiteleze?

Fundi wa Likoni: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kabla ya kamba, pima kichochoro. Kila mita 4 za kwenda juu, miguu ya ngazi hukaa mita 1 kutoka ukutani, kwa hiyo wewe unahitaji mita 1.5. Ikisimama wima kuliko hapo itakuangusha kinyumenyume, na ikilala zaidi miguu itateleza. Tena ngazi yako ni fupi kidogo: ikisimama hivyo itapita ukingo kwa sentimita 80 tu, nayo yapaswa ipite kwa mita 1 ili upate pa kushika unapoingia juu ya paa.

Kamba hufungwa kwenye miti yote miwili ya ngazi, ile mirefu ya pembeni, si kwenye kipago cha kukanyagia, nayo ishikwe na boriti inayobeba paa. Mfereji wa mvua na lipu inayobanduka havizuii kitu. Mpaka umalize kufunga, mtu mzima aishike chini. Kagua kamba pia, kwani ya mkonge iliyokaa kwenye unyevu huu wetu huoza ndani huku nje ikionekana nzima. Usisawazishe mguu mmoja kwa vipande vya matofali, kwa sababu huchomoka uzito unapohama.

Mama wa Majengo: Mwanangu, hebu tazama juu kwanza. Vichochoro vingi vya huko vimepitiwa na nyaya za umeme, na aluminiamu hupitisha umeme. Zikiwa karibu, usiisimamishe kabisa. Ngazi ya mbao kavu ni afadhali, ingawa nayo isiguse waya, na usikubali iliyopakwa rangi, maana rangi huficha nyufa.

Mkaazi wa Kibokoni: Nawashukuru sana. Nafasi niliyonayo ni mita 1.2, na waya umepita karibu na ukingo.

Fundi wa Likoni: Basi iache ngazi hiyo. Muombe jirani akupitishe darini kwake, au uwaite mafundi wenye jukwaa, na umeme ukatwe na wahusika kabla hawajaanza kulisimamisha.