Mrejesho: Tabu ameanza kukaa bila Simba

Wapendwa, niliwauliza kuhusu Tabu, mbwa wetu jike anayelia na kukwaruza mlango kila Simba, mbwa wetu mwingine, akitolewa nje. Daktari wa mifugo alimpima kwanza, hana maumivu yoyote. Basi tukafuata ushauri wenu wa kuwatenganisha kidogo kidogo.

Tulianza na sekunde chache tu: Simba nyuma ya mlango, Tabu anapewa vipande vya maini. Siri ni kumrudisha Simba kabla Tabu hajaanza kulia. Akishalia, hofu imeshampanda na maini hayaoni tena. Sasa anatulia hadi nimalize kupika.

Matembezi nayo ni kila mmoja peke yake. Tabu nampeleka Msitu wa Karura hapa Nairobi, akiwa na kamba kama msitu unavyotaka, na huko ananusa kila kichaka. Naona kunusa kunamtuliza kuliko kukimbia.

Aliyesema nilete mbwa wa tatu, asante, lakini nataka Tabu ajiamini mwenyewe.

Usiku bado tunawaacha pamoja. Simba anahasiwa mwezi ujao, kwa hiyo tunamzoesha Tabu kubaki na mama huku Simba akiondoka kwa gari.