Mrejesho: mama ameshafanyiwa upasuaji wa uvimbe mgongoni

Wakuu, niliuliza kuhusu mama: miguu kufa ganzi, mgongo kuuma zaidi usiku akilala, na eksirei haionyeshi kitu. Mungu awabariki mliosisitiza MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata sehemu laini za ndani. Eksirei huonyesha zaidi mifupa, lakini uvimbe wake ulikuwa ndani ya ugwe wa neva unaopita katikati ya pingili za mgongo.

Kapasuliwa MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Walifungua mfupa kwa nyuma, wakautoa uvimbe kwa msaada wa darubini. Majibu ya maabara: ependimoma, uvimbe wa aina adimu, hukua taratibu na mara nyingi hutoka wote. Baada ya upasuaji ganzi iliongezeka, nikaogopa mno, kumbe hutokea. Sasa anasimama kwa fremu ya kushikilia, mazoezi yanaendelea.

Mwenye mgonjwa kama huyu, mkojo ukianza kuziba msingoje tarehe ya kliniki. Nendeni dharura siku hiyohiyo.